Sura ya Sita: Thamani ya Saa Moja katika Kasongo na Kabambare

Katika nchi zilizokwisha zoea kuhesabu kila kitu, idara za takwimu hutoa kila mwaka jedwali refu linalotaja kazi za watu wa kila mji, tangu daktari hata mfagiaji, na mbele ya kila kazi huandikwa tarakimu moja, nayo ni wastani wa ujira wa saa moja; na huko Marekani jambo hili limekuwa desturi isiyokatika, hata kijana anayetafuta mahali pa kuhamia aweza kulinganisha pato la seremala wa mji huu na pato la seremala wa mji ule kabla hajafunga mzigo wake. Hesabu yenyewe si ngumu: huchukuliwa malipo yote yakagawanywa kwa saa zote, kikapatikana kiasi kimoja ambacho chaweza kuwekwa katika mizani pamoja na kiasi cha kazi nyingine. Sura hii yakusudia kulichukua jedwali la namna hiyo na kulipeleka kusini ya jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, katika Kasongo na Kabambare, penye mashamba ya mpunga, machimbo ya dhahabu, shule, zahanati, vivuko vya mto Lualaba na njia ndefu zisizo lami, ili tutazame safu zipi zitajaa na zipi zitakataa kujaa. Tutakuta ya kuwa unyonge wa ujira katika nchi hii haukuletwa na uchache wa fedha peke yake. Umekaa tangu zamani katika swali la nani ashikaye kipimo cha kazi, na kila aliyeshika kipimo ndiye aliyeshika ujira.

Mapatano ya kale ya ujira yaliyotaja saa ndani yake yalifanywa karibu na Kasongo mnamo Oktoba 1876. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wa bara walimwita Tippu Tip, alikuwa amekwisha weka makao yake katika nchi hiyo, akitawala biashara ya pembe na watumwa, na msafiri wa Kizungu Stanley alipomjia akitaka asindikizwe kushuka na mto ambao mwisho wake haukujulikana, walikaa wakajadiliana kama wafanyavyo watu wa biashara. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, Tippu Tip alikubali kumsindikiza kwa miendo 60, kila mwendo wa saa nne, katika muda usiozidi miezi mitatu, kwa malipo ya reali 5,000, na posho ya watu 140 iwe juu ya mwajiri. Saa nne zikizidishwa kwa miendo 60 zapata saa 240, nazo reali 5,000 zikigawanywa kwa saa hizo zatoa reali 20 na zaidi kidogo kwa saa moja, ujira ambao hapana mtu wa Unguja wala wa bara angaliweza kuudharau katika zama zile.

Lakini tarakimu nzuri hupoteza uzuri wake kila inapoulizwa swali la pili. Ujira ule haukuwa wa mtu mmoja, maana msafara uliosindikiza ulikuwa na watu wapatao 200 wenye bunduki na mikuki, na kama reali zile zingalitandazwa juu yao wote kwa usawa, kila mmoja angalipata kadiri ya senti 10 kwa saa. Tena miendo 60 haikutimia: mashaka ya msitu, maradhi na mashambulio yaliwafanya wayageuze mapatano njiani, na walipoagana mwishoni mwa Desemba 1876 Stanley aliandika hawala ya reali 2,600 pamoja na zawadi kadha wa kadha. Naye Tippu Tip, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, ataja ahadi ya reali 7,000, na alalamika ya kuwa mwenzake alipofika kwao alimwahidi mengi, kisha kilichomfikia kikawa ni picha yake. Waajiri na waajiriwa wa kila zama wamekuwa na vitabu viwili vya hesabu visivyokubaliana, na jedwali la wastani halina budi kuamua limesoma kitabu cha nani.

Sasa tumtazame mtu aliyechukua mzigo. Mpagazi mwungwana aliyeandikwa Unguja alizoea kupewa kiasi cha reali tano kwa mwezi, naye akachukua mzigo wa karibu frasila mbili, yaani ratili 70, na juu ya hayo akapata posho ya kila siku, ama kibaba cha nafaka, ama kipande cha merikani au shanga za kununulia chakula katika vijiji vya njiani. Ukichukua siku 26 za mwezi na saa nne za mwendo, utapata saa 104, na ujira wake utakuwa chini kidogo ya senti tano kwa saa. Walakini hesabu hiyo imeanza alipoutia mzigo begani na imekoma alipoutua, ilhali yeye hakuanza kazi hapo wala hakukoma hapo. Baada ya mwendo alikata miti ya boma, akatafuta kuni na maji, akapika, akalinda usiku, na siku ambazo msafara ulikaa ukingoja mto upungue au mjumbe arudi, mwili wake haukuwa mali yake. Huyu alikuwa na heri kuliko maelfu waliochukua pembe kutoka Maniema kwenda ziwa Tanganyika kwa njia ya Kabambare wakiwa watumwa, ambao ujira wao kwa saa ni sifuri, na sifuri hiyo yastahili kuandikwa katika safu yake kwa wino ule ule, kwa sababu utajiri wa Kasongo ya kale ulijengwa juu yake.

Utawala wa waungwana wa pwani, akina Tippu Tip, ulivunjwa kwa vita. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliingia Nyangwe mnamo Machi 1893, yakaingia Kasongo mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo, na Kabambare ikaanguka mapema mwaka 1894. Aliyeshika nchi alishika na kipimo chake, na hapo ndipo tunapokuta jambo la ajabu katika historia ya ujira: sheria ya Novemba 1903 ilimwamuru kila mwenyeji kuifanyia Dola kazi ya saa 40 kwa mwezi, kwa malipo. Mtu asomaye maneno hayo akiwa mbali angeweza kudhani ya kuwa hapa pana insafu ya kupigiwa mfano, kwa kuwa saa 40 kwa mwezi ni pungufu ya juma moja la mfanyakazi wa Ulaya. Lakini hapakuwa na saa ya ukutani katika msitu, wala karani wa kusimama na kila mtu akiandika muda wake, na kwa hiyo maofisa walizigeuza saa kuwa kilo: kadha wa kadha za mpira, au kadha wa kadha za chakula, zikahesabiwa kuwa ndizo saa 40. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Dola hiyo, ambayo taarifa yake ilitolewa mwishoni mwa 1905, ilieleza ya kuwa mvunaji wa mpira aghalabu hulazimika, kila majuma mawili, kutembea siku moja au mbili au zaidi mpaka penye mimea itambaayo ya mpira, akakaa huko katika kibanda kibovu, mbali na mke wake, mpaka kipimo kitimie. Sheria ilisema saa. Mizani ilisema kilo. Na tafauti iliyokaa baina ya hayo mawili ilikuwa ni uhai wa watu.

Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, na kodi ya fedha ilipowekwa kuanzia 1910, iliaminiwa ya kuwa mkulima sasa atakuwa na hiari ya kuuza kazi yake apendapo. Hiari hiyo haikudumu. Majaribio ya pamba yalifanywa Nyangwe, na kuanzia 1917 kilimo cha lazima kiliingia Maniema, serikali ikiwa na idhini ya kumtaka mwenyeji siku 60 kwa mwaka kwa ajili ya mazao iliyoyachagua. Wakati wa vita vikuu vya pili siku hizo ziliongezwa hata zikafika 120. Mlimaji wa pamba hakulipwa kwa siku hizo. Alilipwa kwa kilo, na bei ya kilo haikupatikana kwa ushindani wa wanunuzi, kwa kuwa kila eneo lilikuwa limekwisha kabidhiwa kampuni moja ya kununua. Basi mtu alifyeka, akapanda, akapalilia mara mbili na tatu, akachuma kwa vidole, akakausha, akachagua safi na chafu, akabeba kwa kichwa mpaka sokoni, akangoja zamu ya mizani. Na malipo yalipokuja aliyagawanya na mwili wake mwenyewe, bighairi ya karatasi, akajua ya kuwa ameuza jua la miezi mingi kwa nguo moja na kodi ya mwaka.

Ni katika migodi ya bati ya Maniema, katika njia ya reli ya Kindu hata Kongolo iliyofunguliwa mwaka 1911, na katika ofisi na misheni, ndiko saa ilikokuja kuwa kipimo cha kweli. Huko paliandikwa mkataba, palikuwa na kengele, palikuwa na karani na daftari, na mfanyakazi alipata mshahara pamoja na posho, nyumba na dawa. Watu wazima wa Kasongo waliosimuliwa na baba zao habari za kazi ya kampuni huzitaja kwa heshima, si kwa kuwa fedha ilikuwa nyingi, maana haikuwa nyingi, bali kwa kuwa mtu alijua saa ya kuanza na saa ya kwisha, na alijua ya kuwa mwisho wa mwezi una tarehe. Yakini hiyo ni sehemu ya ujira, ijapokuwa hapana jedwali linaloiandika.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, na baada yake fitina na vita, kipimo kingine kiliharibika, nacho ni fedha yenyewe. Zaire moja ilipoanza kutumika mwaka 1967 ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa zile za kale milioni 3. Mwaka 1998 ikaletwa franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Na mwenye kupenda hesabu ataona ya kuwa franka moja ya 1998 ilisimama mahali pa zaire bilioni 300 za mwanzo. Katika hali kama hiyo mshahara wa saa ungeandikwaje, ikiwa fedha iliyopokewa asubuhi yaweza kuwa imepunguka magharibi? Juu ya hayo miaka ya 1970 ilikuwa imeleta salongo, kazi ya umma ya lazima isiyo malipo, ambayo wazee waliojua kazi ya Leta, yaani dola ya kikoloni, hawakuona shida kuitambua. Watu walijifunza kuuliza ujira kwa mchele, kwa chumvi, kwa sabuni na kwa mafuta ya mawese, na walikuwa na akili katika kuuliza hivyo.

Tuje sasa katika zama zetu, na tulishike jedwali mkononi. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 yakataza mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 45 kwa juma wala saa tisa kwa siku, isipokuwa kwa nyongeza ya malipo. Nazo amri za serikali huweka kiwango cha chini cha ujira wa siku kwa kibarua wa kawaida. Kiwango hicho kilikuwa franka 1,680 mwaka 2008, kikapandishwa hata franka 7,075 mwaka 2018, kisha 14,500 mwaka 2025, na 21,500 kuanzia Januari 2026. Saa 45 zikigawanywa kwa siku sita zapata saa saba na nusu, kwa hiyo ujira wa halali wa saa moja ulikuwa franka 224 kwa amri ya kwanza, 943 kwa amri ya pili, 1,933 kwa ya tatu, na sasa ni karibu 2,867. Hapa pia mtu asidanganyike na kupanda kwa tarakimu: franka 7,075 za 2018 zilinunua dola nne na kitu, na miaka sita baadaye, kabla hazijabadilishwa, zilinunua dola mbili na nusu; yaani mfanyakazi aliyekaa mahali pake, akafanya kazi ile ile kwa bidii ile ile, alipunguziwa ujira karibu nusu bila ya mtu kutia sahihi.

Amri ya 2018 iliweka vile vile ngazi ya madaraja, aliye juu apate mara kumi ya aliye chini, na ngazi hiyo ingetosha kuwa jedwali letu kama watu wa Kasongo na Kabambare wangekuwa wamepangwa juu yake. Hawakupangwa. Walio wengi hawana mwajiri, hawana mkataba, na walio na mwajiri mkubwa kupita wote, yaani serikali, wametolewa nje ya sheria hiyo, kwa kuwa watumishi wa kudumu wa serikali wana kanuni zao wenyewe. Kwa hiyo franka 2,867 yatufaa kwa jambo moja tu: iwe jiwe la mizani, tulitie upande mmoja, na upande wa pili tutie kazi moja baada ya moja.

Tumtie mwalimu kwanza. Saa zake za darasani zajulikana, na mshahara wake, akiwa ameingizwa katika orodha ya serikali, wajulikana pia. Lakini yuko mwalimu aliyefundisha miaka mingi akingoja kuingizwa katika orodha hiyo, na ujira wake kwa saa umetoka katika mfuko wa wazazi, ambao kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mnamo Septemba 2019 ndio waliokuwa wakimlipa hata yule aliye na mshahara nyongeza ya kumtia moyo. Mwalimu wa kijiji cha ndani huongeza juu ya hayo safari ya kwenda kupokea fedha mahali inapolipwa, kwa miguu au kwa nauli, na siku za safari hiyo darasa hufungwa. Ukigawanya mshahara wake kwa saa za darasa utapata kiasi kimoja, ukigawanya kwa saa za darasa, za kusahihisha daftari, za njia na za kungoja utapata kingine. Na tofauti ya viasi hivyo viwili hailipwi na serikali, yalipwa na mwalimu na wanafunzi wake.

Kazi ya tiba ina fahari yake katika Kasongo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 madaktari wenyeji na wale wa taasisi ya tiba ya Antwerp walifanya huko kazi ambayo wanafunzi wa afya ya umma ulimwenguni wamejifunza kwayo, kwa kuonyesha namna hospitali moja na zahanati zake za vijijini ziwezavyo kuwa chombo kimoja, na mpango wa kanda za afya za nchi nzima umechota mengi katika maarifa hayo. Hata hivyo muuguzi wa zahanati, katika nchi yote, aweza kuwa na mshahara, au marupurupu ya serikali peke yake, au asiwe na hata kimoja, akaishi kwa fungu la fedha wanayotoa wagonjwa. Na huyo wa mwisho, kijiji kikiwa na afya, hana pato, na kijiji kikiugua, apata pato kutoka kwa watu wasio na uwezo. Saa zake hazina mpaka, maana mzazi mwenye uchungu haulizi saa. Basi wastani wa ujira wa wauguzi ukiandikwa kwa tarakimu moja utakuwa umewakusanya watu watatu wa hali tatu chini ya jina moja.

Katika Kabambare iko dhahabu ya Namoya na Salamabila. Kampuni ya Canada iitwayo Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya mnamo Januari 2016, na kazi hiyo ikasimamishwa mwaka 2019 kwa sababu ya vurugu za silaha. Na katika muda huo mfupi palikuwepo, katika ardhi moja, kipimo cha aina mbili. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa na saa na mshahara, ilhali mchimbaji wa mkono alikuwa na shimo na fungu. Kwa desturi ya machimbo ya mashariki ya Kongo, mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, hutanguliza chakula na vyombo au huvikopa kwa mnunuzi wa dhahabu. Mawe yakitoka, hukatwa kwanza madeni, kisha ushuru wa kila mwenye mkono mrefu, na kinachobaki ndicho kigawanywacho. Wiki nyingi shimo hula bila ya kutoa. Akina mama wanaotwanga mawe kwa kinu cha chuma, wakivuta vumbi lake kifuani, hulipwa kwa kipimo cha unga walioutoa, hawalipwi kwa muda, na mnunuzi wa mwisho ndiye mwenye mizani.

Hapo ndipo wastani unapotoa uongo wake mkubwa. Chukua mfano wa kubuni: watu kumi wako katika shimo moja, tisa wakipata franka 1,000 kwa saa na mmoja akipata 41,000, jumla ni 50,000, na wastani ni 5,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekipata, nacho kimepita jiwe letu la halali karibu mara mbili. Mwenye kuandika jedwali kwa insafu angewapanga hao kumi kwa safu, tangu mdogo hata mkubwa, akamtazama aliyesimama katikati. Naye angeona franka 1,000, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya ujira wa halali. Vijana wanaoacha shule kuiendea Salamabila wamesikia habari za yule wa 41,000, na habari za wale tisa hazisafiri, kwa kuwa hapana anayejigamba kwa umaskini.

Anayefuata ni msukuma baiskeli. Reli imepita magharibi ya mto, barabara zimeharibika kwa mvua na kwa vita vya miaka ya 1996 hata 2003, na bidhaa nyingi za Kasongo na Kabambare zimekuwa zikienda juu ya baiskeli, zisizopandwa bali zinazosukumwa, mtu akiwa ameufunga mti kwenye usukani ili aweze kuuongoza mzigo mkubwa kuliko yeye. Baina ya miji hii miwili pana zaidi ya kilomita 100. Tuseme safari ya kwenda na kurudi yachukua siku sita za saa kumi: hizo ni saa 60, sawa na siku nane za kisheria, na kwa jiwe letu la mizani thamani yake ni franka 172,000. Asipobaki na faida ya kiasi hicho, baada ya chakula cha njiani, tairi, malazi na kila kizuizi anachokuta, amefanya kazi chini ya kibarua wa mwisho wa sheria, ijapokuwa watu humwita mfanyabiashara. Mwendesha pikipiki humaliza njia ile ile kwa saa chache, lakini hulipa petroli iliyofika kwa bei ya mbali na hulipa fungu la mwenye chombo kila siku. Kwa hiyo tafauti ya ujira baina ya hao wawili haikuwekwa na ustadi wa mmoja kumpita mwenziwe. Imewekwa na njia, na mwenye kuitengeneza njia hupandisha ujira wa saa wa watu wengi kuliko atoaye amri kumi.

Nimemweka mkulima mwisho kwa kuwa wakulima ndio walio wengi. Mwanamke wa Kizimba, wa Kikusu au wa Kibangubangu alimaye mpunga hufyeka pamoja na mumewe, hupanda, hupalilia, huamia ndege tangu alfajiri hata jua kuchwa, huvuna suke kwa suke, hupura, hutwanga, hupepeta, kisha hupeleka sokoni mchele ambao bei yake imekwisha amuliwa na nauli ya kuufikisha Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Akienda kulima shamba la mtu kwa ujira hupimiwa kipande cha ardhi, na hulipwa kipande kikiisha, ama kwa fedha, ama kwa mavuno. Kipande chaweza kuwa kikubwa kuliko siku, na siku huongezwa, lakini malipo hayaongezwi. Maji na kuni, na mtoto mgongoni, havimo katika hesabu yoyote. Hata uchunguzi wa taifa wa 2005 na wa 2012, ambao ulijitahidi kuwafuata watu wasio na mwajiri mpaka majumbani mwao, ulilazimika kukisia mapato ambayo wenyewe hawajapata kuyaandika.

Mtu anaweza kusema, na ana haki ya kusema, ya kuwa kuhesabu saa ni ugeni katika nchi ambayo watu wamezoea kuhesabu kazi, na ya kuwa mkulima hana haja ya kuambiwa jua lake lilikuwa na bei gani. Neno hilo lingekuwa na uzito kama mambo tuliyoyapitia yasingelilikanusha. Mwenyeji hakuzikataa saa, alipokonywa. Katika mapatano ya 1876 zilihesabiwa saa za mwendo, zikaachwa za kambi. Katika sheria ya 1903 zilitajwa saa, zikadaiwa kilo. Katika pamba zilidaiwa siku, zikalipwa kilo. Na leo kibarua hupimiwa kipande, mchimbaji hupewa fungu, mwalimu huongezewa safari. Kila mara kipimo kilichochaguliwa ni kile kinachomwangushia mfanyakazi hatari ya mvua, ya njia, ya bei na ya kungoja, na kumwachia mwajiri uhakika. Kuhesabu saa ni njia ya kuionyesha hatari hiyo mahali ilipofichwa, na asiyejua saa yake ina thamani gani hana neno la kusema mbele ya mwenye mizani.

Kwa hiyo jedwali la Kasongo na Kabambare lapaswa kuwa na safu zaidi ya ile moja ya nchi zilizokwisha zoea. Mbele ya kila kazi paandikwe malipo yaliyofika mkononi, si yaliyoahidiwa. Saa za kazi yenyewe. Saa za njia na za kungoja. Gharama ya vyombo, ushuru na madeni. Posho, ikiwa ipo. Na mwisho, badala ya wastani peke yake, paandikwe pato la mtu wa katikati. Kazi hiyo haihitaji fundi kutoka mbali. Mwalimu wa hesabu na wanafunzi wake wa sekondari waweza kuifanya katika soko moja na kijiji kimoja kwa muhula mmoja, wakiuliza kwa adabu, wakificha majina ya waliojibu, wakirudia mwaka unaofuata. Vyama vya wakulima, vya wauguzi na vya waendesha pikipiki vyaweza kuidai na kuitumia wanapokaa kupatana bei, na machifu wa sekteri waweza kuibandika penye mlango wa ofisi.

Nawasihi wasomaji wa Maniema waianze kazi hiyo sasa, kwa kalamu na daftari la kawaida, kila mmoja na kazi yake mwenyewe: aandike kwa mwezi mmoja saa zake zote pamoja na zile asizolipwa, agawanye, aweke jibu lake mbele ya franka 2,867, kisha aende kumwonyesha yule anayemlipa.